Vipaketi vya Mzee Yumbayumba

Kila asubuhi kabla ya shule, Biira alikuwa na kazi ya kuanika kahawa. Alitandaza turubai mbele ya nyumba, akamwaga kahawa iliyolala ndani, kisha akaisambaza kwa viganja mpaka ikatulia tabaka moja. Ni kazi ndogo, na mtu mwingine angeimaliza upesi akaenda zake kuoga. Lakini Biira akifika katikati alisimama, akalegeza magoti, akaacha mdomo wazi, akaanza kupepesuka kulizunguka turubai huku akimwamkia jogoo kwa heshima zote, kana kwamba ni diwani.

Mama yake, Bulandina, alikuwa akimtazama kutoka jikoni.

"Biira, huyo mlevi wako atamaliza saa ngapi kuanika kahawa?"

"Amemaliza, mama," Biira alijibu kwa sauti ya kukokota. "Sasa anaomba chai, na kiti cha kuangukia."

Arthur, mdogo wake wa darasa la tatu, alicheka mpaka chai ikamtokea puani. Mama naye alijitahidi kukunja uso, akashindwa.

Mlevi huyo aliitwa Mzee Yumbayumba, na alizaliwa shuleni. Bwera ni mji wa mpakani. Ukivuka daraja la mto Lhubiriha umeingia Kongo, na siku ya soko kila kitu huvuka: vitenge, maharage, samaki wa chumvi, mafuta ya mawese. Huvuka pia vitu vya kujificha, kama vile vipaketi vidogo vya plastiki vyenye waragi, ile pombe kali, ambavyo serikali ilikwisha kuvipiga marufuku. Vijana wanaobeba mizigo sokoni huvinywa tangu asubuhi, na baadhi yao mwaka jana tu walikuwa wanakaa kwenye madawati ya darasa la saba. Wengine walishaanza na bangi. Shule iliona haiwezi kukaa kimya. Ndipo mwalimu wa sayansi, Madam Mackline, alipoanzisha Klabu ya Afya, na klabu ikatunga mchezo wa kuigiza juu ya ubaya wa ulevi. Mchezo huo ungeshindanishwa na ile ya shule nyingine hapo Bwera, na washindi wangekwenda Kasese mjini kwa mashindano ya wilaya.

Sehemu ya mlevi ilipewa kijana mmoja wa darasa la saba, lakini alikuwa na haya mno, akapepesuka kama mtu aliyechomwa na mwiba. Biira aliomba ajaribu. Alivaa kofia kuukuu na suruali ya baba yake, akaifunga kiunoni kwa kamba ya migomba, akapita mbele ya wenzake mara moja tu. Tangu siku hiyo hakuna aliyeuliza tena nani awe Yumbayumba.

Mjue kwamba kwa Wakonzo, watu wa huku, Biira ni jina la binti wa pili. Kabla yake kuna Masika, binti wa kwanza, na Masika wa nyumba hii alikuwa hodari wa hesabu, hodari wa kuimba, na sasa yuko sekondari. Maisha yake yote Biira aliitwa "mdogo wake Masika". Sasa akipita uwanjani hata watoto wa chekechea walimwita Yumbayumba. Alikuwa na furaha ambayo hajapata kuwa nayo, na aliitaka safari ya Kasese kuliko kitu chochote duniani.

Kulikuwa na jambo moja lililomkera. Madam Mackline aliwaagiza watengeneze vipaketi vya karatasi na kuvipaka rangi. Vilikuwa vibaya, vinafanana na bahasha. Kwa hiyo siku ya kuuonyesha mchezo mbele ya shule nzima, Biira alikuja na vipaketi vya kweli. Aliviokota njiani vikiwa vitupu, akaviosha, akavijaza maji na kuviziba kwa nta ya mshumaa. Jukwaani alikitoa kimoja mfukoni, akakikata pembe kwa meno, akaitema ile pembe pembeni kwa madaha, akainua kichwa na kunywa. Kisha akapepesuka. Uwanja mzima ulilipuka kwa kicheko. Mwalimu Mkuu, mzee Ezironi, alivua miwani akafuta machozi.

"Hivyo umevitoa wapi?" Madam Mackline alimuuliza baadaye.

"Vilikuwa vitupu, Madam. Nimeviosha."

Madam alitaka kusema neno, lakini wakati huohuo Mwalimu Mkuu alifika kuwapa mkono wa pongezi, na neno lile likapotelea hapo.

Kipaketi kikishakatwa kwa meno hakifai tena. Biira alihitaji vingine kwa mazoezi, na vingine vingi kwa mashindano. Akamwambia Arthur na rafiki zake, "Mkienda sokoni niokoteeni vitupu. Atakayeniletea vingi nitamvalisha kofia ya Yumbayumba." Watoto wa darasa la tatu waliifanya kazi hiyo kwa bidii ambayo walimu wao hawajapata kuiona darasani.

Baada ya muda, wakati wa mapumziko, kiwanja kilijaa Yumbayumba. Wadogo walijaza maji kwenye vipaketi, wakavikata kwa meno, wakatema pembe, wakaanguka chini na kucheka. Biira aliwatazama kwa raha. Aliyekuwa hacheki ni Gracien, mpiga ngoma wa klabu. Gracien alikuwa darasa la sita pamoja na Biira. Yeye na mama yake, Jeanine, walikimbia vita upande wa Beni, huko Kongo, wakapanga chumba nyuma ya kanisa Katoliki.

"Biira, angalia batoto," alisema. "Bote banalewa."

"Wanacheza tu. Ni maji."

"Leo ni maji. Kwetu, banaanzaka vile vile, kwa kucheza."

Biira aliona ni wivu. Nani amewahi kumshangilia mpiga ngoma? Alimgeuzia mgongo, akaenda kumrekebisha mtoto mmoja aliyekuwa anaanguka vibaya.

Siku ya soko iliyofuata, nayo ilikuwa Ijumaa, klabu ilikuwa kwenye mazoezi ya jioni, na mpiga ngoma hajafika. Ghafla Biira alimwona akitokea njia ya sokoni, anakuja mbiombio huku ameinama. Mgongoni alikuwa amembeba Arthur. Kichwa cha Arthur kilining'inia begani, macho nusu yamefumba, shati limelowa matapishi. Mkononi Arthur alikuwa ameshikilia kipaketi.

"Nilimukuta nyuma ya vibanda vya samaki," Gracien alisema akihema. "Hawezi kusimama."

Madam Mackline alimpokea mtoto, akanusa, uso wake ukabadilika. Bodaboda ilisimamishwa, wakamkimbiza kituo cha afya. Biira alifuata kwa miguu, analia njia nzima, suruali ya baba yake ikimtatiza miguuni.

Arthur aliwekewa dripu. Muuguzi alimweleza mama yao, aliyefika mbio kutoka nyumbani, taratibu kwamba pombe kali ikiingia katika mwili wa mtoto hushusha sukari ya damu, na mtoto anaweza kulala asiamke. "Huyu mvulana aliyembeba amefanya la maana," alisema. "Mngechelewa, tungekuwa tunazungumza mengine." Bulandina alishika ukingo wa kitanda kwa mikono miwili, akaanza kusali kwa lugha yao ya Lhukonzo.

Kabla giza halijaingia Arthur alifumbua macho. Mama alikuwa ametoka kutafuta uji, na Biira alikuwa peke yake naye.

"Dada," Arthur alinong'ona, "nilikuwa nakuletea. Hiki nilikikuta kizima, kina maji yake tayari. Nikasema nijaribu kama wewe." Akameza mate. "Mbona kilinichoma?"

Biira alimvutia shuka mpaka kidevuni. Mama aliporudi na uji na kumuuliza Arthur alikuwa na nani huko sokoni, mtoto alisema alichokumbuka: "Na Gracien." Biira alikaa kimya.

Maneno hayana miguu lakini kule Bwera yalifika kila kona kabla ya misa ya Jumapili. Mtoto wa mama Bulandina amelewa. Alikuwa na yule kijana wa Kikongo. Mama yake si huvuka mpaka kila siku ya soko? Basi hiyo waragi imetoka wapi tena? Watu walijumlisha wenyewe, wakapata jibu lao, wakaridhika nalo.

Jumapili alasiri Biira alimkuta Gracien kwenye bomba la maji. Hapakuwa na mtu mwingine. Gracien alikuwa anajaza dumu, hakuinua macho.

"Banasema ni miye niliuzisha Arthur waragi," alisema. "Mama hajalala."

"Mbona hukuwaambia kwamba vipaketi ni vyangu? Wewe unajua."

"Najua." Dumu lilijaa, akalifunga kifuniko. "Lakini hii ni ya kusema wewe, hapana miye. Miye nikisema, batasema ninajitetea."

Akajitwika dumu akaenda. Usiku ule Biira aliupiga moyo konde mara nyingi, na kila mara moyo ukamshinda. Akisema, mchezo umekufa na Kasese imekufa. Hilo angeweza kulivumilia. Alichoogopa zaidi ni uso wa mama yake atakapojua ni nani aliyemfundisha Arthur.

Jumatatu asubuhi wote waliitwa ofisini kwa Mwalimu Mkuu: Bulandina na Biira upande mmoja, Jeanine na Gracien upande wa pili, na Madam Mackline karibu na dirisha. Mzee Ezironi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa haraka, na shule yake ilikuwa imetiwa aibu.

"Mama Gracien," alianza, "vitu hivi vinatoka ng'ambo, na wewe biashara yako iko ng'ambo. Sisemi kwamba umefanya. Nasema tu kijana akae nyumbani kwanza, mpaka tuchunguze."

Jeanine alikuwa amevaa kitenge chake cha kanisani. Alisimama.

"Mwalimu, miye nauzisha makayabo, samaki ya chumvi. Waragi sijaigusa hata siku moja. Tulikimbia vita na huyu mutoto, alipoteza mwaka muzima ya masomo. Sasa amebeba mutoto ya mwenzake ku mugongo, na munamufukuza?"

"Simfukuzi, mama. Akae tu nyumbani kwanza."

"Kukaa nyumbani tunajua. Tunajua vile inaanzaka, na vile inaishaka."

Gracien alitazama sakafu. Hakumwangalia Biira, na hilo ndilo lililomuumiza Biira kuliko yote. Alijikuta amesimama.

"Ni mimi," alisema.

Mwalimu Mkuu alimgeukia. "Wewe nini?"

"Vipaketi ni vyangu. Mimi ndiye niliyewatuma watoto waviokote sokoni, kwa ajili ya mchezo. Arthur alikuwa ananiletea. Alikuta kimoja kizima, akafikiri ni maji, kwa sababu mimi hunywa maji kwenye vipaketi hivyo na watu wanacheka. Alitaka kufanya kama mimi. Gracien hakumpa kitu. Gracien alinionya, nikampuuza." Machozi yalikuwa yanamtiririka, lakini aliendelea mpaka mwisho. "Nilijua tangu Ijumaa. Niliogopa."

Biira alijilazimisha kumtazama mama yake. Bulandina alikuwa amejifunika mdomo kwa leso. Kisha akanyoosha mkono, akamvuta binti yake karibu, akamkalisha kando yake kwa nguvu kidogo, na hakumwachia.

"Tutazungumza nyumbani," alisema kwa sauti ndogo. "Lakini umesema, na mimi nimesikia." Halafu akamgeukia Jeanine. "Mama Gracien, mtoto wako aliniokolea mtoto, na mimi niliacha watu waseme. Nisamehe."

Jeanine aliketi, akajifuta uso kwa pembe ya kitenge. "Yamekwisha, mama. Huyu mutoto wako amenirudishia wangu."

Mzee Ezironi alivua miwani, safari hii si kwa kicheko. Alisimama akampa Gracien mkono, mkono wa mtu mzima kwa mtu mzima. "Kijana, nilikimbilia kuhukumu. Naomba radhi. Rudi darasani kwako." Na ili wale waliojumlisha wenyewe wasibaki na jibu lao, siku hiyohiyo alisimama mbele ya shule nzima akaeleza ukweli, pamoja na kosa lake yeye.

Madam Mackline aliwakusanya wanaklabu jioni. Biira alikaa nyuma kabisa, tayari kusikia kwamba mchezo umefutwa.

"Nitaanza na mimi," Madam alisema. "Niliviona vile vipaketi. Niliuliza, halafu nikaacha, kwa sababu nami nilikuwa nacheka. Sasa niambieni. Katika mchezo wetu, wadogo wanataka kuwa nani?"

"Yumbayumba," walijibu.

"Na yule mwanafunzi anayekataa pombe, mwishoni, anaitwaje?"

Walitazamana. Mwanafunzi huyo alikuwepo, alikuwa na hotuba ndefu juu ya ini na figo, lakini jina lake halikumjia mtu. Hata msichana aliyemwigiza alisita.

"Hatujawahi kumpa jina," Biira alisema polepole. "Mlevi tumempa kila kitu. Jina, kofia, na vichekesho vyote."

"Na mazoezi," Gracien aliongeza. "Kulewa tumefanya mazoezi kila siku. Kukataa, hatujafanya hata mara moja. Na kukataa ni kazi ya nguvu sana, Madam. Ku soko banakuitaka na maneno tamu."

Madam Mackline aliikunja karatasi ya ile hotuba ndefu. "Basi tufanye hayo," alisema. "Tufanye mazoezi ya kukataa."

Hivyo ndivyo Mzee Yumbayumba alivyokufa, akazaliwa Bwana Onja-Kidogo. Aliyemwigiza ni Biira, maana kipaji hakitupwi kwa sababu kilitumiwa vibaya. Bwana Onja-Kidogo hakulewa wala hakubeba kipaketi. Alikuwa na ulimi tu. Alibembeleza, alicheka, alisifu, alitisha, alisema "wenzako wote wameonja", alisema "au wewe bado mtoto?" Kazi ya mwenzake ilikuwa kukataa, kuondoka, na kwenda kumwambia mtu mzima. Kila Ijumaa klabu ilipita darasa kwa darasa, na kila mwanafunzi alipata zamu yake ya kubembelezwa. Muuguzi wa kituo cha afya alikuja pia, akajibu maswali juu ya waragi, bangi na tumbaku ya kutafuna bila kumkaripia mtu. Mwanzoni wengi walijiumauma na kucheka. Baadaye walianza kubuni majibu yao wenyewe, na wakati wa mapumziko kiwanja kikajaa watoto wanaokataa. Ikawa wanakataa hata kufagia darasa, mpaka Madam Mackline akalazimika kueleza kwamba ufagio si dawa ya kulevya.

Siku ya mashindano ukumbi wa Bwera ulijaa mpaka madirishani. Shule zilizotangulia zilikuwa na walevi wa kila namna, na watu walicheka sana. Zamu yao ilipofika, ngoma ya Gracien ililia, na Biira akatoka akiwa amevaa shati safi na kuchana nywele. Watu walingoja aanguke. Hakuanguka. Ukumbi ulianza kunong'ona.

Biira akashuka jukwaani, akaingia katikati ya watazamaji. "Nani ataonja kidogo?" aliuliza kwa sauti tamu. Msichana wa shule ya Nyakiyumbu alibembelezwa, akakataa, akapigiwa makofi. Mvulana mwingine alisimama bila kuitwa. Watu walisogea mbele kuona. Halafu, katika safu ya shule yao wenyewe, mtoto mdogo alinyoosha mkono. Alikuwa Arthur.

Hili hawakulifanyia mazoezi. Biira alimwendea, akapiga magoti mbele yake. Alijua maneno gani yangekuwa magumu kuliko yote kwa mtoto huyu, na aliogopa kuyasema. Akayasema.

"Arthur. Mimi dada yako. Ni maji tu."

Arthur alimtazama sana usoni.

"Hapana, dada," alisema. "Hata kama ni wewe, hapana."

Akageuka, akapita katikati ya watu, akaenda moja kwa moja kwa Madam Mackline na kumshika mkono. Biira alibaki amepiga magoti, amesahau maneno yaliyofuata. Hayakuhitajika, kwa sababu ukumbi mzima ulikuwa umesimama.

Kikombe walipata wengine, ambao mchezo wao ulikuwa na ngoma nzuri zaidi, na wao ndio waliokwenda kwenye mashindano ya wilaya. Biira aliumia kidogo, tusidanganyane. Lakini kabla hawajafunga vitu vyao walimu wa shule nyingine walikuwa wamemzunguka Madam Mackline, kila mmoja akitaka klabu ije kwake iwafundishe watoto mazoezi ya kukataa. Wa kwanza kupewa siku alikuwa mwalimu kutoka Rukoki, jirani na Kasese mjini.

Walipokuwa wanarudi kwa miguu, Madam Mackline alitembea katikati ya Biira na Gracien, na wengine wakasogea kusikiliza.

"Sisi watu wazima tulidhani inatosha kuwaonyesha watoto mlevi ili wamwogope," alisema. "Kumbe mtoto hufanya kile alichokizoea. Akizoea kuigiza kulewa, siku moja atalewa. Akizoea kukataa, siku ya hatari mdomo wake utakuwa na neno tayari. Hilo mmetufundisha ninyi. Na wewe Biira, kumbuka jambo moja zaidi. Leo Arthur aliweza kukukatalia mbele ya watu wote kwa sababu ulikuwa umekwisha kusema ukweli mbele ya watu. Ungenyamaza, angekuwa bado anaamini kwamba yalikuwa maji."

Mbele yao Arthur alikuwa anatembea na mama yake, anamweleza kwa mikono yote miwili jinsi alivyokataa, na mama anamwomba amsimulie tena.